Sikio la Mzee Masila

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali, Daktari Muchiri na madaktari wote, msimamizi wa wauguzi, Mzee Masila tunayemuaga leo pamoja na mkewe Mama Mbithe, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wenzangu mnaoishi kwa maini mliyopewa na watu wengine: hamjambo.

Jina langu ni Joyline Kavere. Mimi ni fundi wa nguo sokoni Kangemi, wala sijawahi kushika maikrofoni. Daktari Muchiri aliniomba nieleze jinsi Mzee Masila alivyopiga picha za altrasaundi hapa kwa miaka thelathini na mmoja. Hayo mnayajua. Mimi nitasema jambo ambalo aliniomba nilifiche mpaka siku atakapostaafu. Juzi nilimuuliza kama sasa ninaweza kulitoa, akaitikia kwa kichwa.

Miaka minne iliyopita tumbo langu lilianza kujaa maji. Majirani walidhani nina mimba. Walipoona macho yamegeuka manjano wakaacha kuniuliza. Niliingia chumba nambari nne, Mzee Masila akanipaka ile dawa baridi yenye utelezi, akaweka kifaa chini ya mbavu. Mashine yake hutoa sauti ya damu inavyopita, kama upepo unaopenya chini ya mlango. Kwangu haikutoa kitu. Alisogeza kifaa huku na huku, akaongeza sauti, na chumba kikabaki kimya vilevile. Ndugu zangu, mnajua ilivyo kulala chali ukisikiliza ndani ya mwili wako, usisikie kitu?

Ulikuwa ugonjwa wa Budd-Chiari, ambao si wengi wanaoupata. Mishipa inayotoa damu kwenye ini huzibwa na damu iliyoganda, na ini huanza kufa. Kaka yangu Bramwel, kibarua wa mjengo, alikubali kukatwa kipande cha ini lake anipe. Wiki niliyopandikizwa mimi, alipandikizwa pia mwalimu mmoja wa Dagoretti Corner aliyeitwa Debra, mwenye ugonjwa uleule, kwa ini la dada yake. Tulilala vitanda jirani. Tuliambiwa ukweli: wengi wanaopandikizwa kwa ugonjwa huu hupona na kuishi miaka mingi, lakini damu ni ileile, na inaweza kuganda tena ndani ya ini jipya. Ndiyo maana tunameza dawa ya kuizuia.

Debra alipimwa Alhamisi ya wiki ya saba. Mzee Masila alisikia damu yake ikipita vizuri, akaandika hivyo, na hakukosea. Jumatatu Debra alifariki. Mshipa ulikuwa umeziba ghafla.

Hakuna aliyemlaumu Mzee. Lakini tangu hapo, na wagonjwa mlio hapa ni mashahidi, alianza kufumba macho anapotupima, na kubaki ameinamisha kichwa hata baada ya kuzima mashine. Tulidhani ni uchovu.

Mwezi wa nane baada ya kupandikizwa nilijisikia mzima kabisa. Fizi zilikuwa zikitoka damu kila nikipiga mswaki, nikazichukia zile tembe, nikaziacha. Sikumwambia daktari, wala Bramwel anayelala chumba cha pili. Siku ya tano, saa moja asubuhi, nikifungua kibanda changu, simu ililia. Alikuwa Mzee Masila, ambaye hakuwa amenipigia hata siku moja.

"Joyline," alisema, "umemeza dawa?"

Nilimdanganya kwamba nimemeza.

"Niko chumba nambari nne peke yangu," alisema. "Mashine haijawashwa, waya uko sakafuni. Nimekusikia. Unapungua."

Alinieleza baadaye kwamba mwanzoni alidhani ni Debra, maana damu ya Debra alikuwa akiisikia asubuhi nyingi hata baada ya kifo chake. Kisha akatambua kwamba huu ni mshipa mwingine, akaujua kama unavyojua hatua za mtu wa nyumbani kwako.

Mngefanya nini ninyi? Mimi nilifunga kibanda nikaja. Alinipima papo hapo. Donge la damu lilikuwa limeanza kujijenga kwenye mshipa, dogo kama punje ya mchele. Daktari Muchiri alinilaza siku kumi na moja mpaka likayeyuka. Aliniuliza ni maumivu gani yaliyonileta, nikasema ni tumbo. Daktari, leo nakuomba radhi. Sikuwa na maumivu yoyote.

Kwa nini Mzee alitaka lifichwe? Aliogopa kuambiwa amechanganyikiwa na kuondolewa chumbani mle. Akiondolewa, nani angemsikia mgonjwa mwingine? Mama Mbithe anasema hata nyumbani huacha kula ghafla akatega sikio, na akiulizwa hujibu kwamba ni mtu wa kazini.

Jumatatu iliyopita nilikuja kupimwa. Ivyne, binti mliyemwajiri ashike nafasi hii, ndiye aliyenipima, Mzee akiwa amesimama mlangoni. Ivyne hakuwa ameambiwa lolote kati ya haya. Picha ilikuwa safi, damu ikivuma sawasawa. Nilijifuta, nikavaa, akazima mashine. Kisha akabaki ameketi, akitazama kile kioo cheusi, akaniuliza polepole ni nani aliyelala kitandani kabla yangu. Nilimjibu kwamba mimi ndiye wa kwanza siku hiyo.

"Kuna mwingine," alisema. "Bado namsikia."

Mzee Masila aliingia, akavuta kiti, akaketi kando yake.

"Anaitwa Debra," alimwambia. "Huyo usimwogope. Wewe sikiliza walio hai."

Mzee wetu, kwa niaba ya hao walio hai, ahsante. Nanyi nyote mliokaa kimya nikizungumza, nawashukuru.