Kipande cha Chini Kilirudi Shuleni

Benchi letu linatazamana na kanisa, pale doña Ubaldina, yaani Mama Ubaldina, anapouzia kahawa ya chupa. Jana shuleni kulipangwa viti arobaini vya wazazi, hakuketi mtu. Barua tulipewa. Kama kawaida, kipande cha chini unatia sahihi, mtoto anamrudishia mwalimu Nubia. Cha juu, chenye maneno, kinabaki kwako. Vya chini vilirudi vyote, na sahihi zake. Leo Jumamosi tuko kwenye domino: mimi Duván, Kiroboto wa pikipiki ya abiria, na Mkuu, aliyeacha shule darasa la tatu lakini anaamrisha mji mzima.

— Duván, umenuna. Binti bado hasemi nawe? — akaniuliza Kiroboto.

— Tangu jana. Asubuhi kaniwekea arepa, mkate wetu wa mahindi, mezani, kaenda zake.

— Kosa la shule hilo, — akasema Mkuu. — Mwalimu akiwa na neno, aje nyumbani. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Akukute nyumbani wewe? — akadakia doña Ubaldina. — Si unashinda hapa!

— Mimi nalaumu lile kundi la simu, — Kiroboto akasema. — Mwalimu akiandika neno moja, akina mama wanamwaga picha mia mbili za maua ya asubuhi njema. Neno linazama.

— Barua ilikuwa ya karatasi, Kiroboto, — akasema doña Ubaldina. Uliitia sahihi juu ya tangi la pikipiki, nilikuona.

— Nilikuwa na abiria! Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana sijaisoma mpaka leo.

— Watoto nyinyi, — Mkuu akashusha sauti. — Wanakusanya sahihi zetu. Siku moja utaamka, shamba lako la kahawa limeshauzwa.

— Kwa barua ya shule? — nikauliza.

— Asiyesikia la Mkuu huvunjika guu!

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa naona aibu.

Akaja mama mmoja kununua kahawa. Doña Ofir, mpishi mpya wa shule, hana hata wiki mbili hapa mjini. Akaitazama karatasi tuliyokuwa tunaandikia pointi, akaichukua, akaigeuza.

— "Watoto watawasomea wazazi barua walizowaandikia. Tafadhali msikose." Hapa juu pameandikwa Maryori. Baba yake nani?

— Mimi.

— Kumbe ni wewe. Tangu nifike hapa namwona anafanya mazoezi asikwame kwenye maneno. Jana mwalimu alimwambia asome tu, hata kama hujafika. Akakataa. Alikaa langoni na karatasi yake mpaka nikafunga jiko.

Nikakumbuka. Nilimsikia akinong'ona chumbani kila jioni, nikamwambia apunguze kelele, nasikiliza mpira.

Doña Ofir hakuwa na ubaya. Aliuliza tu, kama mtu anavyomuuliza mzazi:

— Alikuandikia nini?

Kiroboto akainamia kete zake. Mimi ndiye niliyeulizwa, na sikujua.

Doña Ubaldina akainamisha chupa kwenye kikombe changu. Yalitoka matone.

— Imekwisha. Nendeni kwenu.

Nikaichukua karatasi niende nikamwombe Maryori anisomee, kama bado atataka. Upande wa nyuma, kwa mwandiko wangu mwenyewe, jina langu lilikuwa linaongoza kwa pointi thelathini.