Viti Vinne vya Mwalimu

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, yule fundi cherehani, na kabla hamjashangaa kwa nini historia hii inasomwa na mtu wa uzi na sindano ilhali wanafunzi wake wasemaji wamejaa hapa, naomba mjue kwamba aliniteua mwenyewe, kwa maandishi, tena akaagiza nisiache kutaja kosa lake moja, kwa sababu historia isiyo na kosa, alisema, haiaminiki.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba mpiga chapa na mama mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, ambako aliadhibiwa kufyeka nyasi kwa ubishi, akawashawishi wenzake wamsaidie, na ilipofika mara ya tatu mwalimu wa zamu akaona heri yaishe, kisha akasoma sekondari kuanzia 1966 hadi 1969, na chuo cha ualimu mwaka 1970 na 1971.

Alianza kazi Januari 1972 katika shule ya sekondari, na mwaka 1978 akahamishiwa chuo cha ualimu kufundisha ufasaha wa kuzungumza, somo alilolishika hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011. Zile njia tatu za kushawishi tulizoachiwa na Wayunani wa kale hakuziandika ubaoni, alipanga viti vitatu mbele ya darasa, cha kwanza cha kujibu wewe ni nani hata tukuamini, cha pili cha kujibu hao unaowaambia wana nini moyoni, cha tatu cha kujibu hoja yako ni ipi na ushahidi uko wapi, na ambaye hajavikalia vyote hakuruhusiwa kusimama akahutubia. Kuna mwanafunzi, mchelewaji maarufu, aliyetaka kuwahimiza wenzake wawahi vipindi, akabaki kwenye kiti cha kwanza saa nzima akitafuta la kusema, na leo ni mkuu wa shule, yuko hapa anacheka. Aliyemwambia Kaka kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni aliulizwa, je, akishatoka unampeleka wapi?

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na wifi yangu, aliyekuwa mkutubi wa shule, ambaye alimkatalia mara mbili alipomjia na hotuba, akamkubali mara ya tatu alipokuja hana la kusema, ana kitabu tu alichochelewa kukirudisha, na Mungu akawajalia watoto wanne na wajukuu tisa.

Sasa nafika kwenye kosa, na wifi yangu ananitazama, lakini agizo ni agizo. Mwaka 1980 nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina cherehani yangu na wateja wangu, Kaka akaja kunishawishi niache kushona nikasomee ukarani, akanikumbusha kwamba yeye ndiye aliyenilea baada ya wazazi kufariki, akanitajia ndoto za mama hadi nikalia, akanipigia hesabu ya mshahara na pensheni, yaani viti vyote vitatu alinikalia mimi, nikaiweka cherehani stoo kwake, nikaenda. Nilikaa ofisini miaka minne nikiichukia kila Jumatatu. Januari 1985 alipita kunisalimia saa ya chakula, akanikuta nimepanda juu ya meza napinda mapazia ya ofisi, nikicheka peke yangu, akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza, kwamba mimi mwenyewe nilitaka nini. Jamani, nililia! Jumamosi ile aliibeba cherehani yangu begani kutoka stoo kwake hadi chumbani kwangu, akaniomba radhi mbele ya mkewe na watoto, na Jumatatu wanafunzi wakakuta darasani kiti cha nne, kinachotazamana na vile vitatu, kiti cha anayeshawishiwa, mwenye haki ya kusema hapana.

Oktoba 2022 alianza kuumwa koo, Novemba ikabainika ni saratani, akafanyiwa upasuaji tarehe 9 Februari 2023, sauti ikaondoka, akawa anaandika kwenye daftari. Januari 2024 ugonjwa ulirudi, madaktari wakasema ukweli wote, kwamba upasuaji wa pili ungeweza kumwongezea miezi kadhaa, lakini ya kulala hospitali, naye akakataa. Watoto walimsihi wakashindwa, wakanijia, Shangazi nenda wewe, wewe ana deni lako. Jumapili tarehe 18 Februari nilikwenda, nikamkumbusha mimi ni nani kwake, nikalia, nikataja ushahidi wa daktari, nikamaliza viti vyote vitatu. Kaka aliandika kwamba nimefundishwa vizuri sana, nani alinifundisha, kisha akavuta kiti kingine akakikalia, akanitazama. Nilitaka kaka yangu aishi, Mungu anajua nilivyotaka, lakini niliinuka nikasogeza changu kando ya chake, nikamuuliza yeye mwenyewe anataka nini, akaandika, nyumbani. Alikaa nyumbani wiki nane, akiota jua, wajukuu wakimsomea magazeti naye akisahihisha matamshi yao kwa kidole, hadi Jumanne tarehe 16 Aprili, saa nne asubuhi, alipofariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa kwa kutomficha kitu, majirani mliotupikia na kutufulia bila kuitwa, walimu wenzake mliokuja kila Ijumaa kubishana naye kwa maandishi, na wifi yangu, uliyemuuguza usinung'unike hata siku moja, ahsante.

Kaka, ulinionya nisiwashawishi watu kwamba ulikuwa mwema, niwaeleze tu ulivyokuwa, halafu nikae. Nimewaeleza, nakaa. Pumzika kwa amani.