Marehemu Hakudokoa Keki

Mpendwa wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Keki, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba za reli, mtoto wa pili kati ya watano. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975, akaajiriwa katika kiwanda cha mikate, baadaye akafungua jiko lake la kuoka na kupamba keki.

Mwaka 1984 aliolewa na fundi umeme. Keki ya harusi aliipamba mwenyewe huku wageni wakisubiri, maana hakumwamini mtu. Alipogundulika ana kisukari mwaka 2016, aliacha kabisa kuonja. Kuonja alimwachia mume, naye akanenepa kwa niaba ya nyumba nzima.

Siku yake ya kliniki ilikuwa Jumanne, katika zahanati ya umma. Zahanati ile ina kiyoyozi ofisini kwa mkuu na televisheni mapokezini, ila bombani hamna maji. Alifika akitokea jikoni, vidole vimeganda sukari ya kupambia, akachomwa vivyo hivyo na tone la damu likatiwa kwenye kimashine. Namba ikasoma juu, dozi ya insulini ikapandishwa. Aliporudi Jumanne nyingine, yakawa yale yale.

“Mwanangu, natetemeka, jasho linanitoka,” alimwambia mpimaji. “Na kitamu sijagusa.”

“Mama, unadokoa keki,” akajibiwa mbele ya watu. “Mashine haidanganyi.”

Foleni ikacheka. Aliumia sana, na sisi tuliomjua tunaumia mpaka leo.

Alhamisi tarehe 9 Mei 2024 alizimia jikoni. Hospitali kuu, nesi alimnawisha vidole kabla ya kumchoma. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya.

“Kule walimnawisha?” akamuuliza mume.

“Wapi! Maji yenyewe hawana.”

Alifariki kabla ya adhuhuri, kwa insulini aliyoongezewa na wataalamu. Kweli mashine yao haikudanganya. Ilipima keki.

Mkuu wa zahanati yupo nasi hapa na shada kubwa. Tunamshukuru kwa maua. Ndoo ya maji na kipande cha sabuni vingetosha.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu wanne, na wenzake wote wa foleni. Mungu amlaze pema dada yetu. Kesho ni Jumanne: mnaokwenda kupimwa, naweni mikono kwenu kabla hamjatoka.