Mguu wa Kushoto wa Amuni

Makuhani, majirani, na ninyi mafundi mliofanya kazi na marehemu, siku sabini za kumkausha kwa chumvi zimetimia, na familia imenipa mimi Wabet, binti yake wa kwanza, jukumu la kuwasomea maisha yake.

Marehemu Nakhtmin alizaliwa hapa kijijini kwa mafundi, magharibi mwa mji wa Waset, mwaka wa ishirini wa mfalme aliyetangulia, mwezi wa pili wa mafuriko, siku ya sita, akafundishwa kuchora na baba yake juu ya vipande vya mawe ya chokaa, na mwaka wa arobaini na mbili wa mfalme huyohuyo akamwoa mama yetu, Tameket, wakajaliwa watoto saba, ambao wanne wametangulia.

Mwaka wa nane wa mfalme wetu wa sasa aliingia kazini katika hekalu jipya, likiwa limejazwa mchanga hadi darini, kwa kuwa wachongaji huanzia juu, na kadiri mchanga unavyozolewa ndivyo wanavyoshuka, basi kwa miaka kumi na moja marehemu alichonga ukutani mataji, kisha nyuso, kisha vifua vya miungu, huku akimeza vumbi la mawe, hata mchanga ulipofika magotini mwa mungu Amuni, kifua chake mwenyewe kilikuwa kimekwisha.

Msimamizi wake, Mzee Hormose, ambaye namwona ameketi hapa mbele, alimwambia arudi nyumbani akalale, miguu ingepakwa rangi tu juu ya mchoro wake mwekundu, kwani nani atatazama chini. Marehemu, aliyekuwa amefikishwa pale kwa punda, alimjibu, "Kila anayeingia humu huingia ameinama, bwana. Unataka atazame wapi?"

Alilala ubavu sakafuni akauchonga mguu wa kulia kwa siku tisa, na mwaka wa kumi na tisa, mwezi wa tatu wa mavuno, siku ya kumi na nne, akafia nyumbani, wa kushoto ukiwa bado mstari mwekundu.

Tunamshukuru mganga Irinefer kwa asali na mvuke wa kila asubuhi, majirani kwa mikate na bia, na mafundi walioliburuta jeneza juani.

Mmeona patasi yake ya shaba haimo katika vitu anavyozikwa navyo. Hatukuisahau. Ninayo mkononi, na nikimaliza kusoma nitaiweka mapajani mwa Mzee Hormose, maana sisi hatutaruhusiwa kuingia mle hekaluni kuhakikisha kwamba mguu wa kushoto umechongwa, na mungu hawezi kuziendea sadaka zake kwa mguu mmoja.

Pumzika sasa, baba. Mchanga umekwisha.