Verlyn Aasgaard na Theluji ya Bi Ardis

Ijumaa tarehe 31 Oktoba, baada ya miaka thelathini na minne ya kunyonya matangi ya maji taka ya kaunti hii ya kaskazini mwa Minnesota, Mzee Verlyn Aasgaard anakabidhi ufunguo wa gari namba mbili. Mwaka 1991 aliajiriwa kwa wiki sita tu, kumshikia nafasi mwenzetu aliyevunjika mguu. Mwenzetu akapona, akanogewa na kukaa nyumbani, hakurudi tena. Tunamshukuru sana popote alipo.

Verlyn si mtu wa maneno mengi. Kifaa chake kikuu ni fimbo ya chuma anayoichoma ardhini kutafuta mfuniko wa tangi, na sijasikia kwamba aliwahi kuichoma zaidi ya mara tatu kabla ya kuupata. Familia moja ya kando ya ziwa ilijenga baraza jipya la mbao juu kabisa ya mfuniko. Verlyn alilizunguka, akalisifu, halafu akasema, "Mmejenga vizuri mno. Haya, leteni msumeno." Na kila inapofika kesho yake ya Sikukuu ya Shukrani, nyumba zikiwa zimejaa wageni na mafuta ya bata mzinga yamemiminwa kwenye sinki na kuziba mabomba, yeye hufika kazini kabla yetu sote bila kuombwa. Mimi ndiye ninayepokea simu hapa ofisini, najua ninachosema. Siku hiyo watu wazima hulia.

Ila kama ni jambo moja la kumsimulia, basi ni la Bi Ardis Kinnunen, mjane anayeishi peke yake karibu na kinu cha mbao. Miaka kumi na miwili iliyopita, mwezi wa Januari, mwanawe Curtis alikuja kumsaidia. Kwa mapenzi yake yote akaleta trekta, akakwangua theluji ya uwanja mzima hadi nyasi zikaonekana. Maskini, alisahau kwamba theluji ndiyo blanketi la mabomba yanayopeleka maji ya tangi udongoni. Baridi ya wiki hiyo haikuwa na huruma. Mabomba yakaganda, na maji machafu yakarudi hadi chumba cha chini cha nyumba.

Fundi mmoja kutoka mbali akatazama, akatangaza kwamba mfumo wote umekufa na nyumba haikaliki. Curtis akaanza kumtafutia mama nafasi kwenye nyumba ya wazee mjini. Bi Ardis akanipigia simu: "Joleen, mwanangu, mimi nimeolewa humu ndani. Kweli wataniondoa kwa sababu ya choo?"

Verlyn akaenda. Akafungua tangi, akachoma fimbo yake huku na huku, ikagonga barafu. Akamgeukia Curtis: "Hakijafa kitu hapa, bwana. Kimepigwa baridi tu, na aliyekivua blanketi ni wewe." Akatandaza marobota ya majani makavu uwanja mzima. Na kwa kuwa barafu ya mabomba isingeyeyuka kabla ya Mei, kila Jumamosi, siku yake ya mapumziko, alirudi kulinyonya tangi lisifurike. Jumamosi kumi na nne! Wala hakutuambia. Tulimgundua kwa harufu ya mkate wa iliki wa Bi Ardis ndani ya gari namba mbili, na kwenye gari lile harufu nzuri haijifichi. Mei ilipofika maji yakashuka yenyewe, na Curtis hakutaja tena nyumba ya wazee.

Amefundisha madereva sita, na kila mmoja ana fimbo yake. Amewagombeza wenye nyumba mpaka wakazoea kuchora ramani ya tangi nyuma ya mlango wa chumba cha chini. Tangi lake mwenyewe, tumechunguza, halijanyonywa kwa miaka tisa. Aibu iliyoje! Hiyo ndiyo zawadi yetu, Mzee: Jumatatu tunakuja na bomba, usijifiche.

Ahsante kwa kila mfuniko uliouinua. Ukapumzike kwa afya na furaha, uvue samaki mpaka uchoke.

Juzi nilimpigia Bi Ardis kumwomba salamu za kuandika hapa. Ana miaka tisini na mmoja sasa. Alikuwa anaoka. Akasema theluji ya kwanza imeanguka, Curtis amekuja na hajaigusa hata kwa kiatu. "Mwandikie hivi tu," akasema. "Bado nipo nyumbani."