Binti Aliyesifiwa Adabu

Gari la abiria aina ya Noah lilipotoka Kyela kwenda Matema, Angetile alikuwa ameketi nyuma ya wanawake wawili wasiojuana, nao wakaanza kubishana kuhusu watoto kana kwamba wamezaliwa nyumba moja.

"Wangu alipelekwa hospitali ana miaka sita," alisema Keziya, mfanyabiashara wa Kasumulu. "Aliwasha pikipiki ya baba yake akaiingiza kwenye kakao iliyoanikwa. Mwalimu, jirani, mchungaji, wote wakasema mtoto huyu akapimwe. Daktari akasema ni tatizo la umakini na kutotulia."

"Wa kwangu wamemgundua juzi, ana kumi na minne," alisema Prisca, mkulima wa mpunga. "Ukimwita haitiki, anatazama chini. Bibi yake akasema hiyo ndiyo adabu, huyu akiolewa atashika mila, hatamtazama baba mkwe wake hata kwa bahati mbaya. Kumbe mtoto hayupo kabisa, yuko mawazoni. Ukoo mzima tukabaki kumsifu."

Angetile aliiuma kofia yake asicheke.

"Asiyevunja kitu ana shida gani, mwenzangu?" aliuliza Keziya.

"Shida ni hiyohiyo, ila haina kelele. Na daktari anasema mara nyingi hurithiwa."

"Kwa nani?"

"Kwa baba yake, kwa nani tena? Kwetu hakuna. Kabla sijashuka Ipinda nitakusimulia."

"Ipinda tumeipita zamani, dada."

Gari likasimama Matema, ziwa liko mbele yao. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Angetile alicheka kuliko wote, hadi konda alipomuuliza kama si yeye aliyelipa nauli ya Ipinda.