Profesa Adunola Fadairo, Aliyehamishia Kliniki Jioni

Ndugu waombolezaji, Profesa Adunola Fadairo, ambaye tumekuja kumsitiri asubuhi hii, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 hapa hapa Ijebu-Igbo, mtoto wa pili wa Mzee Sowemimo, seremala, na mkewe, muuza kokwa za kola, aliyetaka binti wa kurithi kapu lake akaambulia daktari.

Alianza shule ya msingi mwaka 1952, akasoma sekondari Abeokuta, akahitimu udaktari Chuo Kikuu cha Ibadan mwaka 1970, kisha akaenda London mwaka 1974 kusomea magonjwa ya neva, na aliporudi mwaka 1978 mji mzima ukasema amesomea vichaa, hata shangazi mmoja akamletea mumewe apimwe, naye akamjibu, "Shangazi, mimi natibu neva za mikono na miguu, huyu wako ana ulevi tu."

Alifunga ndoa tarehe 7 Aprili 1973 na Mhandisi Olatokunbo Fadairo, mtu mvumilivu, na ilimbidi awe hivyo, wakajaliwa watoto wawili, Yejide na Durosinmi. Kazi yake tumeiweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu aliipenda kuliko hata kula.

Desemba 1983 alikuja nyumbani kwa Krismasi kutoka kazini Ibadan, akakuta kesi kwenye ua wa jirani, Mama Rasaki muuza vitambaa amemfungia mkwe wake Silifatu vyombo vyote kwenye beseni, anamrudisha kwao, kwa kuwa binti hapigi magoti kusalimia wakubwa. "Asubuhi ana adabu, jioni ana kiburi," akapaza sauti mtaa usikie, "kwani adabu yake inatua na jua?" Watu wakacheka, ila marehemu hakucheka, akamwomba Silifatu apige magoti na kuinuka, tena na tena, naye mwanzoni akainuka kama swala, halafu kwa taabu, mwishowe akawa anajisukuma kwa mikono juu ya mapaja yake mwenyewe, akashindwa, kope zikamwangukia. "Anaigiza!" akasema Mama Rasaki.

"Mama, kope haziigizi," marehemu akamwambia, "neva inatuma ujumbe, msuli haupokei, na akizidi kuchoka ndivyo msuli unavyozidi kuwa kiziwi."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Rudisha beseni ndani."

Silifatu alitibiwa Ibadan, na jioni moja ya Februari 1984 akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake akainuka bila kushikwa, na Mama Rasaki, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumwomba mtu radhi, akamwambia, "Haya, njoo ule, ugali wa eba unapoa."

Hapo ndipo marehemu alipotambua kosa la madaktari wote, yeye akiwamo, kwamba kliniki hufunguliwa asubuhi, wakati mgonjwa wa namna hii ametoka kulala na anatembea vizuri kuliko daktari, akapewa vitamini akarudishwa nyumbani aitwe mvivu, mwenye kiburi au aliyerogwa. Akahamishia kliniki yake saa kumi jioni, wauguzi wakanuna, wenzake wakaiita kliniki ya wavivu, naye akaikalia hadi alipostaafu mwaka 2011, na utafiti uliotoka humo ukasomwa na madaktari wa nchi ambazo sisi hatuwezi hata kutamka majina ya miji yake. Hatutasema alikuwa mpole, kwa maana mliopo hapa mlimjua, lakini hakuna mgonjwa aliyemwambia amechoka naye akambishia.

Alianza kuugua figo mwaka 2019, akafariki Jumanne tarehe 9 Novemba 2021, Ibadan, akiwa na miaka sabini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hata alipowasahihisha akiwa kitandani, majirani waliopika, na wanafunzi wake waliobeba jeneza. Wengi mmenung'unika kuamshwa alfajiri, mkiuliza ni mazishi gani haya ya saa mbili asubuhi. Yalikuwa maagizo yake mwenyewe, kwamba azikwe mapema, wagonjwa wake wakiwa bado na nguvu, ili anayetaka kumpigia magoti ainuke mwenyewe. Wako mstari wa mbele, na wa kwanza ni Silifatu, bibi wa wajukuu sasa, hivyo nyie wengine sogeeni, wapisheni, jua linapanda.

Adunola, salamu zako hizi zinakuja, zipokee, kisha upumzike kwa amani.